Masika Wanne na Orodha Mbili

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, mkanikalisha kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, na Bwana Bwambale akasimama akasema, "Mama Biira amefanya kazi nasi kwa amani, hana maneno mengi." Mkapiga makofi, nami nikala keki. Sasa niko nyumbani Bwera, keki imeisha, na maneno ninayo. Mengine ni makali. Asiyetaka kuyasikia akunje karatasi hii awashie sigiri.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu kiliishia darasa la nne pale Nyakiyumbu, na Kikonzo nusu yenu hamkijui. Kiswahili tunacho wote, kila mtu na chake kilichovunjika upande wake. Changu nilikiokota mahali pawili: mpakani Mpondwe, nilikokuwa nikiwauzia Wakongo maharage, na nje ya lango la kambi ya jeshi Kasese, nilikojifunzia kazi hii ya kuchapa.

Pale langoni nilikuwa nauza karanga. Karibu yangu alikaa mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini, Afande Opio, na meza, mwavuli, na taipureta moja isiyo na herufi ya q. Alisema Kiswahili hakina kazi nayo, na Mwingereza akiihitaji aje nayo. Askari walikuja kwake kuchapiwa barua za likizo, barua za kuomba uhamisho, na barua za wanawake ambazo sitazieleza. Siku moja mvua ilinifukuza nikaingia chini ya mwavuli wake. Akanitazama.

"Wewe, mama ya karanga. Wewe najua kusoma?"

"Kidogo, afande."

"Kidogo inatosha. Wenye kusoma sana naharibu karatasi. Kaa."

Nikakaa. Siku ya kwanza sikugusa kibonye hata kimoja. Alinipa sindano na kitambaa chenye mafuta ya taa, nikachokoa uchafu kwenye meno ya herufi, moja moja, mpaka e ikawa na tundu lake na a ikawa na tumbo lake. Siku ya pili alinifundisha karatasi ya kaboni, ile ya kutolea nakala: upande unaong'aa unatazama chini, na ukiukosea unachapa ukurasa mzima kisha unaukuta umejiandika mgongoni mwake mwenyewe. Nilikosea mara mbili. Nilipokosea mara ya tatu alininyang'anya karanga zangu akazila zote, akisema ni faini ya jeshi.

Somo la majina lilichukua muda zaidi. Kwao, mapacha wakizaliwa, wa kwanza ni Opio. Kila nyumba yenye mapacha wa kiume ina Opio wake. Sasa fikiria kambi nzima. Aliniambia kwamba alipokuwa karani jeshini alichapa barua ya likizo ya Opio aliyefiwa na mama. Alichapa jina, namba ya mtu aliiruka kwa sababu alikuwa na haraka ya kwenda kula. Barua ikamfikia Opio mwingine. Huyo akashangaa, akamshukuru Mungu, akapanda gari akaenda kwao kucheza ngoma. Opio mwenye msiba akabaki kwenye zamu, na mama akazikwa bila yeye.

"Alikuja kwa meza yangu," Afande alisema. "Hakunipiga. Alisimama tu, anaangalia mashine. Mimi nilitaka anipige." Kisha akaniambia neno nililolichapa kichwani: "Jina ni yunifomu. Watu mia naweza kuvaa moja. Wewe andika mutu ndani ya yunifomu. Uliza: wa nani, wa wapi, na watu namujuaje."

Mimi Mkonzo nilielewa haraka kuliko yeye alivyodhani. Kwetu mtoto hachaguliwi jina, anapewa zamu yake. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, ndiye mimi. Mvulana wa pili ni Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule. Ubatizo ukija unaongeza Jeneti, Roberti, Yona, na hayo nayo padri hana mengi. Simama sokoni Bwera uite "Masika!" na biashara yote itasimama. Watoto wa mjini wanadhani ni jina la ukoo. Si la ukoo, ni foleni ya tumbo la mama.

Afande alikufa kwa maleria, na mwili wake ukasafirishwa kwao kwa lori la samaki, jambo ambalo angelichekea. Taipureta alimwachia binamu yake, aliyeiuza. Hasira yangu ya kwanza kazini ni hiyo. Lakini haifiki kwa hii ninayoijia.

Miaka ya kati naipita. Nilichapa hapa na pale, nikaingia kwenye shirika letu la misaada pale Kasese, ambalo jina sitalitaja kwa kuwa mnalijua. Kompyuta za kwanza zilikuwa na kichwa kikubwa kama mtungi. Nilizijua kwa kuzibembeleza, sikusomea. Zilikuwa na ile programu ya ofisi inayolipiwa, ya barua na ya majedwali, na nakala yetu, niseme ukweli, fundi mmoja mjini aliipakia kutoka kwenye flashi aliyokuwa akiivaa shingoni kama rozari. Kwa miaka ikafanya kazi. Kisha ukatokea mstari mwekundu juu ya kioo: nakala hii haina kibali. Tukaufunika kwa karatasi ya gundi. Msicheke, Bwana Bwambale ndiye aliyeleta gundi.

Bwana Bwambale ni mkuu wa kumbukumbu, ana digrii, ana miwani, na mimi nilimpenda. Alikuja akiwa na shati moja la kola, nikamfundisha kupanga mafaili. Aliniita "mama" kwa moyo. Naandika hivyo ili mjue simchukii mtu, nachukia alichofanya, na alichofanya hakukifanya peke yake.

Mto Nyamwamba ukaja. Nani hajui mto ule unavyokuja: mawe makubwa kama ng'ombe yanaviringika, na asubuhi palipokuwa na nyumba pana kokoto. Watu wakawekwa kambini chini ya turubai. Serikali ikatafuta ardhi ya mlimani ikatwe viwanja, na shirika letu likapewa kazi moja: kuandika orodha ya waliopoteza nyumba. Aliye kwenye orodha anapata kiwanja, asiyekuwepo hapati. Ilikuwa rahisi hivyo, na iliogopesha hivyo.

Wakati uleule wafadhili wakatuma mkaguzi, akabandua karatasi ya gundi, akauona mstari mwekundu. Madam Mkurugenzi aliona haya mpaka masikio. Ikaamuliwa: tujaribu programu ya ofisi ya bure, ile ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuipakia na kumpa jirani, kando ya ile ya kulipia. Kompyuta moja ibaki na ya zamani, anayo Bwana Bwambale. Nyingine iwekwe ya bure, anayo Mama Biira. Kazi iwe ileile, orodha ileile, kila mtu aichape kwake, halafu kikao kiamue. Nilikuwa nimebakiza miezi michache ya kustaafu. Nadhani walinipa ya bure kwa sababu tulionekana tunafanana.

Nawaambia ya kazi kwanza, nyinyi mnaoitumia leo. Ya bure si mbaya, ila si ileile, na ukiijia kama ni ileile itakuaibisha. Vitufe vimehamishwa kama vyombo vya jikoni baada ya mke mwenza kuingia: chumvi ipo, lakini si pale. Ukihifadhi faili inakuuliza ihifadhi kwa mtindo wake au kwa mtindo wa ile nyingine. Soma swali, usibonyeze tu ndiyo kama muumini. Aina ya herufi tuliyoizoea haikuwemo, ikaweka nyingine pana, na barua ya ukurasa mmoja ikamwagika hadi wa pili. Wiki ya kwanza nilimtumia Madam barua, akaifungua kwenye mashine yake, na nembo ya shirika ilikuwa imeteremka ikakaa juu ya sahihi yake kama kuku juu ya yai. Ofisi nzima ilicheka. Bwana Bwambale akasema, "Mama, cha bure kinatagia popote." Nami nilicheka. Dawa nilikuja kuijua: barua iliyokwisha igeuze iwe ile faili isiyohaririwa ndipo uitume, na weka herufi ambazo mashine zote mbili zinazo.

Lakini kicheko kile kiliniingia. Kuanzia siku hiyo kila kosa ofisini lilikuwa la ya bure. Printa ikikwama, ya bure. Umeme ukikatika, mtu anasema ya bure.

Sasa orodha. Tulikwenda kambini, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na daftari mapajani. Bwana Bwambale alikuwa ametengeneza fomu yenye safu tatu: jina la nyumbani, jina la ubatizo, na mahali. Namba za vitambulisho hazikuwemo kwa sababu vitambulisho vilikwenda na maji. Akaja mwanamke.

"Masika Jeneti. Nyamwamba."

"Nimeshaandika Masika Jeneti wa Nyamwamba."

"Umeandika mwingine. Mimi ndiye niko karibu na mashine ya kukoboa kahawa. Yule iko mjane wa Kule seremala."

Aliyekuwa nyuma yake akadakia, "Na mimi pia Masika Jeneti, mama ya mapacha. Usituchanganye, hawa wawili hawajui kuzaa!"

Wakacheka wote, kambini, chini ya turubai, na maji bado kwenye vitambaa vyao. Wa nne akatokea, wa Kyarumba mlimani aliyeolewa bondeni, anayeongoza kwaya: "Mimi ndiye Masika Jeneti wa kwanza. Hao walinifuata." Nikachora safu ya nne kwa mkono: watu wanamjuaje. Niliijaza kwa kila mtu, si Masika tu. Kina Biira Meri, kina Bwambale Yona, kina Masereka, wote.

Ofisini nikaichapa kwenye ya bure na safu zake nne. Bwana Bwambale naye alichapa kutoka daftari langu zile tatu zake tu, kwenye ya kulipia. Halafu akafanya alichofundishwa chuoni. Kuna kitufe pale cha kuondoa mistari iliyorudiwa. Unakibonyeza, kinakuambia kimeondoa mingapi. Akabonyeza. Kwa ile mashine, Masika Jeneti Nyamwamba mara nne ni mtu mmoja aliyeandikwa na karani mlevi. Ikabakiza mmoja. Mashine sina ugomvi nayo, ilitii. Hata ya bure inacho kitu hicho, kimejificha ndani ya chujio, nilikiona baadaye. Lakini mtu aliyebonyeza anaitwa Bwambale! Mwenyewe! Dereva wetu naye ni Bwambale, na mlinzi wa getini, na baba yake mdogo. Shule ilimpeleka mbali kiasi gani mpaka akasahau anaitwa nani?

Kikao kikaketi. Orodha mbili mezani. Yangu ndefu, yake fupi.

"Kwa nini ya bure ina watu wengi kuliko hii nyingine?" Madam akauliza. Yeye ni mtu wa Kampala, hili jambo la majina hakulijua, na simlaumu kwa kutolijua. Namlaumu kwa kutouliza mara mbili.

"Haisafishi, Madam," Bwana Bwambale akasema. "Inarudia majina. Hii ya kulipia imesafisha."

"Kwa hiyo ya bure inazidisha watu?"

"Kama nembo ilivyotembea, Madam." Wakacheka. Akanigeukia kwa upole, huo upole ndio unaoniuma, akasema, "Si kosa lako, mama. Darasa la nne na kompyuta ni mlima."

Madam akanitazama, akaniita mama kwa Kiganda. "Nyabo Biira, una la kusema?"

Nilikuwa na la kusema. Sauti ya mama wa mapacha ilikuwa masikioni mwangu. Daftari lilikuwa ndani ya mfuko, chini ya kiti changu. Sentensi moja tu ingetosha: Madam, hawa ni watu wanne. Lakini nilikuwa nimechoka kuchekwa, nilikuwa nimebakiza wiki chache, na nilijiambia kuna mkubwa atakayeona. Nikasema, "Hapana, Madam." Ile fupi ikapigwa muhuri. Naandika jambo hili mbele yenu nyote kwa sababu hakuna aliyenilazimisha.

Siku ya kugawa viwanja tulikwenda uwanja wa shule ya msingi kule mlimani. Polisi walikuwepo, na afande mmoja mrefu mwenye kirungu kusimamia utaratibu. Bwana Bwambale akaita kwa kipaza sauti. Kila jina lililoitwa, kundi linasimama. Mwanzoni watu walicheka, kama wanavyocheka sokoni. Akaita, "Bwambale Yona!" wakasimama wanaume sita, na bibi mmoja akapaza sauti, "Na wewe wa kipaza sauti, simama nao upewe!" Hapo nilimwona akivua miwani.

Akaita, "Masika Jeneti!" Wakasimama wanne.

"Moja!" afande akapiga kelele. "Masika moja! Ingine kaa chini!"

"Tukae chini ya nini, afande?" akajibu yule wa kwa mashine ya kahawa. "Nyumba ilienda na maji."

"Mimi sijui maji. Karatasi nasema moja."

Wakatazamana. Kati yao ni mama wa mapacha peke yake aliyekuwa na kitambulisho; siku ya maji alikuwa amekitia kifuani. Akakitoa, hakuwaangalia wenzake. Akapewa namba ya kiwanja. Hakupiga vigelegele.

Ndipo miguu yangu ikakumbuka kazi yake. Nilitoka na orodha yangu, nikaisoma bila kipaza sauti. Masika Jeneti wa kwa mashine ya kahawa. "Niko!" Masika Jeneti mjane wa Kule seremala. "Niko!" Masika Jeneti wa Kyarumba, wa kwaya. "Niko!" Kila mtu uwanjani alisikiliza kama atasikia kitu chake mwenyewe, kovu lake, duka lake, marehemu wake. Afande akanisogelea, akanyoosha mkono kwa heshima kidogo. "Mama, hii karatasi iko na muhuri?"

"Haina, afande."

Akamgeukia Bwana Bwambale. "Na yako?"

Bwana Bwambale akavaa tena miwani yake. "Iko nao," akasema. "Ya mama ni ya majaribio tu."

"Basi," afande akasema, na siku ikaendelea.

Mengine mnayajua. Ile ya kulipia ilijifunga yenyewe, ikawa inasoma haiandiki, na leo ofisi nzima mnatumia ya bure. Niliwafundisha mimi, wiki yangu ya mwisho, mpaka Madam. Ripoti ya majaribio bado iko kwenye faili, na bado inasema programu ya bure huzidisha majina. Hakuna aliyeisahihisha, ingawa ripoti yenyewe mnaifungulia ndani ya programu hiyohiyo. Nilipeleka barua tatu kutoka hapa Bwera. Jibu lilikuja kwa simu: orodha yako tumeifungua, mama, imefunguka vizuri kabisa, ila zoezi limefungwa.

Juzi Masika wa kwa mashine ya kahawa alikuja nyumbani kwangu. Alikuwa na ndizi kichwani anapeleka mpakani. Nikampa maji na kiti. Sikungoja aniulize, nilimweleza kuhusu kikao, na nilichoulizwa, na nilichojibu. Alikunywa maji mpaka mwisho, akaweka kikombe chini taratibu.

"Kumbe ulikuwa unatujua," akasema.

"Nilikuwa nawajua."

"Ningefikiri ulisahau ningekusamehe leo." Akajitwika ndizi zake. "Sasa hauna bosi. Banakuogopesha na nini?"

Hawaniogopeshi na kitu. Kwa hiyo, wenzangu, faili iko kwenye kompyuta ya dirishani, kwenye folda ya majaribio, ile yenye safu nne. Wote waliofutwa wamo, na safu ya nne inaeleza kila mmoja ni nani. Masika hawa watatu anzeni nao. Wa kwa mashine ya kahawa anapanga chumba nyuma ya soko, na wajukuu. Mjane wa Kule seremala bado yuko kambini, turubai lile lile, sasa lina matundu. Wa Kyarumba alirudi kwao mlimani kwa kaka yake, ambaye hamtaki. Kwaya imepata kiongozi mwingine. Bwana Bwambale, mwanangu, wewe ndiye mwenye muhuri. Ripoti, ukitaka iandike upya, usipotaka iache. Orodha ichape, igonge muhuri, uipeleke mwenyewe kwa wanaokata viwanja, na wakikwambia majina yamerudiwa, waambie na wewe unaitwa nani.